Dripu ya Kingamwili dhidi ya Ebola: Dawa Inayodai Uangalifu na Kuwahi



Wapendwa taifa la Mungu, tarehe 20 Januari 2025, hapa hapa Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Dkt. Tedros Adhanom Ghebreyesus, aliutangazia umma kwamba ugonjwa wa virusi vya Marburg umethibitika wilayani Biharamulo, mkoani Kagera. Dominika iliyofuata, baada ya Misa ya kwanza, mama mmoja alinisubiri mlangoni mwa kanisa. Mwanawe ni utingo wa lori la mizigo liendalo Kanda ya Ziwa. Aliniuliza kwa sauti ya chini: “Baba Padre, nasikia ipo dripu inayoponya Ebola. Kijana wangu akirudi na homa, siwezi kumtafutia hiyo dripu akatundikiwa nyumbani, kabla watu hawajajua?”

Siku ile sikumjibu ipasavyo. Nilimwambia asali, asiogope, na kijana akiugua ampeleke hospitali. Jibu hilo lilikuwa la kweli, lakini halikugusa alichokiuliza. Tangu hapo nimesoma na kuwauliza waganga walio waamini wetu, na makala haya ndiyo jibu nililokuwa nadaiwa. Katika swali la yule mama, lililotoka katika upendo wa mzazi, mna makosa matatu: kudhani kwamba dawa moja inatibu Ebola na Marburg; kudhani kwamba dripu hiyo yaweza kutundikwa nyumbani; na kudhani kwamba upo muda wa kuficha. Kila moja kati ya makosa hayo laweza kuua.

Kingamwili ni nini?

Mwenyezi Mungu ameuumba mwili wa mwanadamu ukiwa na walinzi wake. Adui kama kirusi anapoingia, mwili hutengeneza chembechembe za protini ziitwazo kingamwili. Kila kingamwili ina umbo linalomfaa adui mmoja tu, kama ufunguo na kufuli lake. Ikimpata, humng’ang’ania, ikamzuia asiingie ndani ya seli na kuzaliana humo, na ikawaita walinzi wengine waje kummaliza.

Shida ni muda. Mwili unahitaji siku kadhaa kutengeneza kingamwili za kutosha, na kirusi cha Ebola hakimpi mgonjwa siku hizo kwa urahisi. Huongezeka kwa kasi, na wengi hufariki kabla walinzi wao hawajajipanga. Hivyo wanasayansi walijiuliza: je, hatuwezi kumpa mgonjwa kingamwili zilizokwisha kutengenezwa? Hiyo ndiyo maana ya dawa tunayoizungumzia. Tofauti na chanjo, haiufundishi mwili kujilinda kwa siku za baadaye. Ni jeshi la kuazima, linaloingizwa moja kwa moja katika mshipa wa damu ili lipigane leo.

Kutoka Yambuku hadi Beni

Historia ya dawa hii inatuhusu sisi Wakatoliki kwa namna ya pekee, na inaanza kwa huzuni. Mwaka 1976, katika misheni Katoliki ya Yambuku, kaskazini mwa nchi iliyoitwa Zaire, ulizuka ugonjwa usiojulikana. Hospitali ya misheni ilikuwa na upungufu mkubwa wa vifaa. Kila asubuhi wauguzi walipewa mabomba matano ya sindano kwa ajili ya wagonjwa wote wa siku hiyo, na kati ya mgonjwa mmoja na mwingine yalisuuzwa kwa maji ya uvuguvugu tu. Hakuna aliyekusudia ubaya, na wale masista walikuwa wameacha nchi yao ili kuwahudumia maskini. Lakini sindano zile zilikipeleka kirusi kutoka mshipa hadi mshipa. Watu 318 waliugua, na 280 kati yao walifariki. Kati ya watumishi 17 wa hospitali, 11 walifariki, hata hospitali ikafungwa.

Mwaka 1995 ugonjwa huo ulizuka tena nchini humo, katika mji wa Kikwit. Masista sita Waitalia wa Shirika la Masista wa Maskini la Bergamo, waliokuwa wakiwauguza wagonjwa, waliambukizwa na kufariki mmoja baada ya mwingine katika muda wa wiki chache. Mwaka 2021 Baba Mtakatifu Fransisko aliidhinisha kutambuliwa kwa fadhila zao za kishujaa, nao wanaitwa Waheshimiwa katika safari ya kuelekea kutangazwa wenye heri.

Katika mlipuko huohuo wa Kikwit likatokea jambo lililoleta tumaini. Madaktari wa Kongo, wakiongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe, aliyekuwa amefika Yambuku tangu 1976, waliwapa wagonjwa wanane damu ya watu waliokwisha kupona. Saba kati yao walipona. Idadi hiyo ilikuwa ndogo mno kuthibitisha lolote, na wataalamu wengi hawakushawishika. Hata hivyo wazo halikufa. Miaka 11 baadaye, mtu mmoja aliyeponea Kikwit alikubali kutoa damu yake tena kwa ajili ya utafiti. Katika damu ile watafiti walikuta kingamwili zilizokuwa bado zinamkumbuka adui wa zamani. Moja ya hizo, iliyopewa jina la mAb114, ndiyo iliyotengenezwa kwa wingi katika maabara na kuwa dawa iitwayo leo Ebanga. Dawa ya pili, Inmazeb, iliyojulikana kwanza kama REGN-EB3, ni mchanganyiko wa kingamwili tatu.

Jaribio lililoleta jibu lilifanyika mashariki mwa Kongo, kwa ndugu zetu wazungumzao Kiswahili, katika miji kama Beni na Butembo, kuanzia Novemba 2018 hadi Agosti 2019. Wagonjwa 681 walishiriki, wakigawanywa katika makundi manne ya dawa. Waliopewa dawa ya virusi iitwayo remdesivir walifariki 53 kati ya kila 100. Waliopewa mchanganyiko wa kingamwili wa zamani zaidi, ZMapp, walifariki 50 kati ya 100. Bali katika mAb114 walifariki takribani 35, na katika REGN-EB3 takribani 34. Tofauti ilikuwa dhahiri kiasi kwamba jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati, ili wagonjwa wote waliosalia wapewe dawa hizo mbili. Ziliidhinishwa nchini Marekani mwishoni mwa 2020, na Agosti 2022 Shirika la Afya Duniani likatoa pendekezo lake rasmi kwamba zitumike kwa wagonjwa waliothibitika, wakiwamo wazee, watoto, wajawazito na wanaonyonyesha, na pia kwa vichanga wa hadi siku saba ambao mama zao wamethibitika kuugua.

Mshipa uleule uliopitishiwa mauti Yambuku, kwa sababu ya upungufu wa vifaa na usafi, ndio uliopitishiwa uzima Beni, kwa sababu ya uangalifu. Yule mama, alipotaka dripu ya kificho, alikuwa anairudisha dawa ya Beni katika mazingira ya Yambuku pasipo kujua.

Jinsi dawa inavyotolewa kwa usalama

Hatua ya kwanza ni kipimo cha maabara. Homa, kutapika, kuharisha na maumivu ya mwili ni dalili za malaria, za homa ya matumbo na za magonjwa mengine mengi. Hakuna mtu awezaye kuitambua Ebola kwa kumtazama mgonjwa usoni.

Hatua ya pili ni uzito. Dawa hupimwa kwa kilo za mgonjwa. Kwa Ebanga ni miligramu 50 kwa kila kilo moja, hivyo mtu mwenye kilo 60 huhitaji miligramu 3,000. Kichupa kimoja kina miligramu 400, basi mtu huyo mmoja hufunguliwa vichupa vinane. Kwa Inmazeb ni miligramu 50 za kila kingamwili kati ya zile tatu, yaani 150 kwa kila kilo. Dawa zote mbili hutolewa mara moja tu. Hakuna dozi ya kurudia kesho, wala vidonge vya kumalizia nyumbani.

Hatua ya tatu ni utunzaji na uchanganyaji. Vichupa hukaa katika ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, bila kugandishwa. Anayechanganya huzungusha kichupa taratibu wala hakitikisi, kwa maana protini hizi huharibika zikisukwasukwa. Kisha dawa hutiwa katika maji maalumu ya mshipa na kupitishwa kwenye mrija wenye chujio, wala haichanganywi na dawa nyingine katika mrija huo. Ebanga huingia kwa muda wa saa moja hivi. Inmazeb huchukua muda mrefu zaidi, takribani saa mbili hadi nne.

Hatua ya nne, ambayo ndiyo moyo wa usalama, ni uangalizi. Muda wote dripu inapotiririka, muuguzi aliyevaa mavazi ya kujikinga hupima joto, mapigo ya moyo, upumuaji na shinikizo la damu. Baadhi ya wagonjwa hupata homa, kutetemeka, kutapika, moyo kwenda mbio au shinikizo kushuka. Hapo dripu hupunguzwa kasi au husitishwa kwanza, na mgonjwa hutibiwa. Kwa nadra mwili waweza kuikataa dawa kwa mzio mkali unaobana pumzi na kuangusha shinikizo kwa ghafla. Hilo likitokea, dripu husimamishwa mara moja na kutolewa dawa za kuokoa maisha, ambazo lazima ziwe mezani tangu mwanzo. Mgonjwa au ndugu amwambie daktari bila kuficha kama amewahi kudhurika na dawa ya aina hiyo, na kama amechanjwa chanjo ya Ebola hivi karibuni, kwa kuwa dawa hii yaweza kudhoofisha nguvu ya chanjo. Mama mwenye Ebola hanyonyeshi, hata akishapewa dawa, hadi waganga watakaporuhusu.

Hatua ya tano ni kwamba kingamwili haziachwi kufanya kazi peke yake. Mgonjwa hurudishiwa maji na chumvi alizopoteza, hutibiwa malaria akiwa nayo, hulishwa na kupunguziwa maumivu. Akishapona hufuatiliwa kwa miezi mingi, kwa maana kirusi chaweza kujificha katika sehemu chache za mwili, kama machoni na katika mbegu za kiume. Kufuatiliwa huko kusimfanye atengwe. Ni sehemu ya matibabu yake.

Sasa niseme jambo nililoliona mwenyewe. Miaka michache iliyopita niliitwa kumpa mgonjwa Mpako Mtakatifu nyumbani kwake. Nilimkuta ametundikiwa dripu kwenye msumari uliopigiliwa ukutani. Nilipouliza kuna nini ndani ya chupa ile, hakuna aliyejua. Aliyeiweka alikuja na pikipiki, akapokea fedha, akaondoka. Namshukuru Mungu mgonjwa yule alifikishwa hospitali siku hiyohiyo. Lakini linganisha msumari ule na hatua tano nilizozieleza: hapakuwa na kipimo, wala mizani, wala friji, wala muuguzi wa kukaa karibu. Dawa ya Ebola haipatikani kwa njia hiyo, na atakayekuambia anayo ya kuuza anakudanganya.

Dawa hii haitibu nini

Nilisema kila kingamwili ina kufuli lake. Ebanga na Inmazeb zimetengenezwa kwa ajili ya aina moja ya Ebola, ile iitwayo Zaire, iliyozuka Yambuku, Kikwit, Afrika Magharibi na Kivu, na mwaka 2025 huko Bulape katika jimbo la Kasai. Ebola ya aina ya Sudan, iliyozuka Uganda mwaka 2022 na tena mwaka 2025, ni kufuli jingine, wala haifunguki kwa funguo hizi.

Marburg, iliyofika nchini kwetu mara mbili mkoani Kagera, nayo ni kirusi kingine kabisa, ingawa dalili zafanana. Mwaka 2023 waliugua watu tisa na kufariki sita. Mwaka 2025 walihesabiwa wagonjwa kumi, wawili waliothibitishwa na maabara na wanane waliodhaniwa, na wote walifariki, kabla mlipuko haujatangazwa kwisha tarehe 13 Machi. Hadi ninapoandika, hakuna dawa ya kingamwili iliyoidhinishwa kwa Marburg. Kwa hiyo kijana wa yule mama, kama angeambukizwa Biharamulo, asingesaidiwa na dawa ile hata kama ingekuwapo Dodoma.

Hata hivyo tusikate tamaa. Mwaka 2024 Marburg ilipozuka Rwanda, waliugua watu 66 na kufariki 15, idadi ndogo mno kwa ugonjwa huo. Wagonjwa walipewa dawa zilizo bado katika majaribio, lakini pia waligunduliwa mapema na kuhudumiwa kwa bidii katika vyumba vya wagonjwa mahututi. Vilevile sisi wa kanda ya kati tunaikumbuka homa ya Bonde la Ufa ya mwaka 2007, iliyotoka kwa mifugo na kuupiga mkoa wa Dodoma kuliko mikoa mingi. Nayo haina dripu ya namna hii. Ndiyo maana jina la ugonjwa lazima litoke maabara, lisitoke kijiweni.

Kuwahi ni sehemu ya dawa

Katika jaribio lile la Kongo, wagonjwa waliofika ndani ya siku moja tangu dalili kuanza walifariki 19 kati ya 100. Waliochelewa siku tano au zaidi walifariki 47 kati ya 100. Na wale ambao kirusi kilikuwa bado kichache mwilini mwao, walipopewa moja ya dawa hizo mbili bora, walifariki takribani 10 au 11 tu kati ya 100. Jeshi la kuazima hushinda likifika adui akiwa bado mlangoni. Likifika nyumba imekwisha kuungua, haliwezi kuijenga upya.

Kwa nini basi watu walichelewa? Kwa hofu. Huko Katwa na Butembo uvumi ulienea kwamba vituo vya matibabu ndivyo vilivyoleta ugonjwa. Februari 2019 vituo viwili vilishambuliwa na kuchomwa. Tarehe 19 Aprili mwaka huo Dkt. Richard Mouzoko, daktari kutoka Kamerun aliyekuja kuwahudumia watu hao, aliuawa kwa risasi ndani ya hospitali mjini Butembo. Mlipuko ule, ulioanza Agosti 2018, uliendelea hadi Juni 2020 na kuchukua watu 2,287. Dawa ilikuwapo, lakini wengi waliihitaji na hawakuifikia. Wapendwa, tunapoeneza uvumi katika makundi ya simu, tukumbuke kwamba amri inayokataza kushuhudia uongo inagusa pia ujumbe tunaousambaza bila kuuhakiki.

Na Sakramenti je?

Waamini huniuliza: “Mgonjwa akitengwa, je, atakufa bila padre?” Kanisa halimwachi mtoto wake. Sheria ya Kanisa inataka padre ampake mgonjwa kwa mkono wake mwenyewe, lakini yenyewe inaruhusu kutumia kifaa iwapo kuna sababu nzito. Padre aliyepewa mafunzo na mavazi ya kujikinga, kwa ruhusa ya waganga, anaweza kumhudumia mgonjwa. Pasipowezekana, majuto kamili na hamu ya Sakramenti vina thamani kubwa mbele za Mungu, na sala ya jumuiya haizuiliwi na ukuta wa wodi.

Kuhusu mazishi, mwili wa aliyekufa kwa Ebola au Marburg una virusi vingi sana. Kumwosha marehemu na kumkumbatia ni desturi zetu za heshima, lakini katika hali hiyo huwa mlango wa mauti kwa walio hai. Tuwaache wataalamu wamzike kwa staha, sala zikisomwa kwa mbali. Misa ya kumwombea yaweza kuadhimishwa pasipo mwili kuwapo, na marehemu hapungukiwi kitu.

Tufanye nini katika Jumuiya zetu

Dodoma ni njia panda. Mabasi ya Mwanza, Bukoba na Kigoma hupita hapa, malori ya kwenda Rwanda na Kongo hulala hapa, na sasa treni ya umeme inatuunganisha na bandari. Hatuwezi kusema magonjwa ya ziwani hayatuhusu. Lakini hatuna sababu ya kumwogopa kila msafiri mwenye homa, kwa kuwa mara nyingi homa hiyo ni malaria.

Mtu aliyetoka kwenye eneo lenye mlipuko, au aliyemgusa mgonjwa au maiti, akipata homa ndani ya siku 21, asipande daladala kwenda kutafuta dripu mtaani. Akae mahali pamoja, na ndugu wapige simu namba 199 ya Wizara ya Afya, ambayo haitozwi, waeleze ametoka wapi na lini. Watakuja kumchukua kwa njia salama. Anayemhudumia asiguse matapishi wala damu kwa mikono mitupu. Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo wazitembelee kwa simu familia zilizowekwa katika uangalizi na kuwapelekea chakula hadi mlangoni, ili mtu asifiche ugonjwa kwa kuogopa njaa au aibu.

Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anatufundisha kumheshimu tabibu na kutoidharau dawa, kwa kuwa vyote vimetoka kwa Bwana, na hapohapo anatuagiza kusali. Hakuviweka kimoja dhidi ya kingine. Naye Msamaria Mwema hakuishia kumfunga majeruhi vidonda njiani. Alimpeleka mahali pa kutunzwa, akamkabidhi kwa mwingine na kulipa gharama.

Kijana wa yule mama alirudi salama. Wiki mbili baadaye alikuja mwenyewe kunisalimu, akaniambia mama yake ameiandika namba 199 kwa mkaa ukutani, karibu na picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu. Namba ile na iwepo katika kila nyumba ya parokia yetu.

Bikira Maria, Afya ya Wagonjwa, atuombee. Amina.